Marehemu Anayefanya Kazi Saa Arobaini na Nane kwa Wiki

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ghorofa ya tatu, katika kituo cha utafiti wa ajira, mwanamke wa miaka arobaini na sita anavaa hedifoni, anakohoa kidogo kusafisha koo, kisha anabonyeza namba ya kwanza ya siku. Simu inaita. Macho yake yako kwenye kisanduku cha kijivu upande wa kulia wa skrini. Jibu la mtu ambaye bado hajapokea limeshaandikwa humo.

"Habari za asubuhi, baba. Napiga kutoka kituo cha utafiti wa ajira. Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja?"

Upande wa pili mtu anafikiri, anahesabu siku kwa sauti, anasema alipaka rangi nyumba moja kwa siku nne, kama saa thelathini hivi. Kisanduku cha kijivu kilisema thelathini na moja. Mwanamke anaandika thelathini, anashukuru, anakata.

Ameifanya kazi hii miaka kumi na moja. Wenzake wanamwita Mama Dodoso, kwa sababu yeye na dodoso, ile orodha ya maswali, ni chanda na pete. Mume wake, fundi wa majokofu, anadai kwamba hata nyumbani hajawahi kuulizwa swali moja likaishia hapo. Akisema amechelewa, ataulizwa amechelewa wapi, na nani, na kwa muda gani.

Kila mwezi kituo hiki huuliza kaya elfu nne kama watu wake wana kazi. Kaya ikichaguliwa, hupigiwa kwa mwaka mmoja na nusu, na hupigiwa na mdadisi yuleyule. Ndiyo desturi yao. Mtu hufungua moyo kwa sauti aliyoizoea. Kutokana na majibu hayo wataalamu hutoa hesabu ya wenye kazi na wasio na kazi, na utabiri wa miezi ijayo, nao wakubwa hupanga mambo yao kwa hesabu hiyo.

Siku mwandishi wa makala haya alipofika mara ya kwanza, chumbani mlikuwa na meza ishirini na mbili. Wadadisi walikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa wanakunywa chai. Viti vya meza nyingine vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu. Ukutani kuna ubao unaoonyesha idadi ya simu zinazoendelea kwa dakika hiyo. Ulisomeka kumi na tisa.

Mwandishi alihesabu watu upya, akidhani macho yamemdanganya. Sita. Alipouliza hizo nyingine zinapigwa na nani, Mama Dodoso alitazama pembeni na kusema wangeongea nje.

Nje, kwenye ngazi, ndipo alipoanza kusimulia. Alisimulia kwa sauti ya chini, na kila mlango ulipofunguka alinyamaza.

Miaka miwili iliyopita kituo kilileta mfumo wa utabiri. Kabla mdadisi hajapiga, mfumo unasoma majibu ya nyuma ya kaya hiyo na ya kaya zinazofanana nayo, kisha unaandika kwenye kisanduku cha kijivu kile utakachojibiwa. Mwanzoni wadadisi waliuchekea. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyecheka. Mfumo ulijua kinyozi atafunga duka kabla kinyozi mwenyewe hajapata wazo. Ulijua dada wa mapokezi ataachishwa kazi, ukaandika hivyo siku nane kabla ya dada huyo kupewa barua.

Mama Dodoso anakiri ilimuuma sana kumsikiliza dada yule akicheka kwenye simu huku mbele yake kisanduku kimeshamwachisha kazi. Hakuweza kumwambia. Kanuni inakataza mdadisi kumtajia mtu utabiri wake.

Pamoja na mfumo ilikuja alama ya ulinganifu. Majibu ya mdadisi yakifanana na kisanduku, alama inapanda. Yakitofautiana mara nyingi, anaitwa kujieleza. Wadadisi hulipwa kwa idadi ya madodoso waliyokamilisha, na mwezi wa alama mbovu hupewa kaya chache. Mama Dodoso anasema kuna mwezi kipato chake kilitosha nauli na mchele, basi.

Hapo ndipo anapofika kwenye kosa lake.

Wadadisi wana kitu wanachokiita kubeba jibu. Kaya isipopokea simu mara tatu, mdadisi anaruhusiwa kuchukua jibu la mwezi uliopita na kuliingiza mwezi huu. Ni ruhusa ya mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili anapaswa kutumwa mtu wa mguu kwa mguu, agonge mlango, ajionee. Lakini watu wa mguu kwa mguu walipunguzwa hadi wakaisha, na hakuna aliyeifuta kanuni.

Katika orodha yake kulikuwa na fundi magodoro, mzee wa miaka sitini na tatu, anayefumua magodoro ya zamani na kuyajaza upya. Mzee alikuwa na utani. Kila mwezi aliulizwa saa ngapi, na kila mwezi alijibu arobaini na nane, halafu akaongeza kwamba anauza usingizi na yeye mwenyewe hana muda wa kulala. Mwezi mmoja hakupokea. Mama Dodoso akabeba jibu. Mwezi wa pili hakupokea. Akabeba tena.

"Nilibeba miezi minne," anasema. "Nilijua si sawa. Nilijipa moyo kwamba mzee kabadilisha namba, na kazi yake ni ileile, ataiacha aende wapi? Na alama yangu ilikuwa juu. Sikutaka kuigusa."

Mwezi wa tano, Jumatatu asubuhi, alifungua kaya ya fundi magodoro. Hakuwa na nia hata ya kupiga, alitaka kubeba. Kisanduku cha kijivu hakikusema arobaini na nane. Kilisema: saa kumi na mbili, aliugua.

Jibu la kubeba haliugui. Jibu la kubeba linakaa pale lilipowekwa.

Akashuka chini kwenye historia ya kaya, sehemu ambayo wadadisi huwa hawaitazami. Kulikuwa na simu kila Jumanne, saa kumi alasiri, kwa wiki saba mfululizo. Zote zilipokewa. Moja ilidumu dakika kumi na mbili. Mbele ya kila simu palikuwa na namba ya mdadisi aliyepiga, na namba hiyo ilikuwa yake.

Hajawahi kupiga simu ya kazi Jumanne saa kumi. Saa hiyo huwa ameshatoka, anawahi usafiri.

Aliweka hedifoni sawasawa, akasikiliza rekodi. Alisikia sauti yake ikisalimia. Alisikia kikohozi chake kidogo, kile cha kusafisha koo. Alisikia sauti yake ikiuliza kama baba yupo na kama wiki iliyopita alifanya kazi, hata kwa saa moja. Kisha kimya kirefu. Mdadisi wa kawaida huvumilia kimya kwa sekunde nne, tano, anarudia swali. Sauti yake haikurudia. Ilisubiri karibu dakika nzima. Halafu mwanamke, ambaye Mama Dodoso hajawahi kuongea naye maishani, akajibu taratibu: "Amefanya."

"Nilivua hedifoni nikaiweka mezani," anasimulia. "Nikaenda chooni, nikasema jina langu kwa sauti. Nilitaka kujua kama bado ninalo."

Mkuu wa kitengo hakuficha kitu alipoulizwa. Alisema kwa upole kwamba mfumo sasa hupiga wenyewe kaya ambazo wadadisi wamezibeba zaidi ya mara mbili, na kwa kuwa watu hupokea sauti waliyoizoea, unatumia sauti ya mdadisi wao. Miaka kumi na moja ya rekodi inatosha kabisa kuitengeneza. Kipengele kimo kwenye mkataba, ukurasa wa tisa. Mama Dodoso akaenda kusoma. Kimo.

Jumatano, alipoona jibu la simu ya jana yake ni lilelile la kisanduku, akamuuliza pia mtaalamu wa takwimu, kijana mpole mwenye miwani, mfumo ulijuaje Jumatatu kwamba mzee angeugua, wakati simu ya kuuliza ilikuwa ya Jumanne. Mwandishi naye alimuuliza swali hilohilo baadaye. Alieleza kwamba mtu wa umri ule, akifanya kazi saa zile, miezi mingi bila kupumzika, huugua karibu na wakati ule. Ni wastani tu. Mwandishi akamwambia kwamba marehemu haugui. Kijana akavua miwani, akaifuta, akasema mfumo haujui hilo, haujaambiwa.

Maana fundi magodoro alikuwa amefariki. Hilo Mama Dodoso alilijua Jumamosi ya wiki ileile, alipofunga safari kwenda kutafuta nyumba. Aliulizia kwa fundi viatu aliye karibu na kona, akaambiwa mzee ana karibu miezi mitano kaburini. Fundi viatu, mtu wa maneno mengi, akaongeza la pili ambalo lilimkata maini. Mjane alikwenda ofisi ya msaada kwa kaya zisizo na mfanyakazi, akarudishwa. Karani alifungua kompyuta, akamwambia kwenu kuna mtu mwenye kazi ya kudumu, saa arobaini na nane kwa wiki. Mjane hakubishana. Alishukuru akaondoka, na tangu hapo anakula kwa kuuza vitambaa vya magodoro vilivyobaki stoo.

Ofisi ile huchukua orodha yake kutoka kituo cha utafiti. Orodha hiyo inasema hivyo kwa sababu ya Mama Dodoso.

Dirisha la kusahihisha majibu hufungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Likifungwa, majibu huganda kwa mwaka mzima. Alikuwa na siku sita. Kumwondoa mzee kulihitaji fomu, na fomu ina mstari unaotaka sababu ya kosa. Kuandika ukweli ni kuandika kwamba alibeba jibu miezi minne, na adhabu ya hilo inajulikana hata na mfagizi.

Dada yake mkubwa, anayekaa nao, alimwambia asijitie wazimu, atafute sababu nyingine ya kuandika, kwani waongo ni wachache? Siku ya tatu mume wake, akiwa anafunga boksi la vifaa vyake, alisema tu kwamba nyumba hiyo ina watu wawili wanaofanya kazi na ya yule mama haina hata mmoja. Akaondoka kwenda kwenye majokofu yake.

Jumatano mchana Mama Dodoso aliomba ruhusa, akaenda na fomu nyumbani kwa mjane. Alimruhusu mwandishi afuatane naye.

Ni chumba kimoja na ukumbi mdogo. Cherehani imefunikwa shuka. Magodoro mawili ya wateja yamesimama ukutani, yameshonwa upande mmoja, upande wa pili uko wazi na pamba imechungulia. Mjane ni mwanamke mfupi, msafi, anayesikia vizuri na kuona vibaya. Alipomsikia mgeni akibisha hodi alitabasamu kabla hajamuona.

"Karibu, mwanangu. Leo umekuja na miguu."

Mama Dodoso alijitambulisha, akaeleza kwamba aliyekuwa akipiga Jumanne si yeye, ni mashine iliyopewa sauti yake. Alitarajia mjane angeshtuka. Mjane alimsogezea kiti.

"Najua si wewe. Wewe nilikuwa nakusikia ukiongea na mzee, una haraka. Huyu hana haraka."

Kisha akasimulia, bila kulia, akikunja na kukunjua upande wa kanga. Baada ya mazishi watu walikuja siku kadhaa, wakaacha. Watoto hupiga, wanauliza kama amekula. Hakuna anayemtaja mzee, wanaogopa kumtonesha. Halafu Jumanne moja simu ya mzee ikaita, akapokea, na sauti ikauliza kama baba alifanya kazi wiki iliyopita. Alishindwa kujibu. Sauti ikamngoja. Alilia, ikamngoja. Akaona hawezi kumwambia mtu mwenye subira namna ile kwamba hayupo, akasema amefanya. Ikauliza saa ngapi, akaipa zilezile za mzee. Wiki moja alimwonea huruma, akasema anaumwa, apumzike kidogo. Wazo hilo lilimjia simu ikiwa sikioni, alisema, na alilitoa mwenyewe moyoni.

Mama Dodoso hakumwambia kwamba wazo hilo lilikuwa limeandikwa tangu Jumatatu. Mwandishi pia alinyamaza.

Alimweleza kuhusu orodha, kuhusu ofisi ya msaada, kuhusu Ijumaa. Akamwomba msamaha, na akausema wazi: mimi ndiye niliyemwacha mzee hai kwa kuogopa kupungukiwa. Mjane aliuliza mara mbili kama mzee akishafutwa Jumanne simu haitaita. Akajibiwa haitaita.

"Basi utapiga wewe," alisema. "Ila usiniharakishe."

Mama Dodoso akaahidi. Fomu ina maswali sita, na la tano linataka tarehe ya mwisho ambayo mhusika alifanya kazi. Mjane aliitaja papo hapo, tarehe na siku, akasema alimkuta ameinamia godoro na sindano bado imo, akadhani amesinzia, akamfunika. Alimwacha amefunikwa saa nzima. Kwenye mstari wa mkuu wa kaya akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, uso ukiwa karibu na karatasi.

Ijumaa saa sita mchana fomu ilipokelewa. Kwenye sababu ya kosa Mama Dodoso alikuwa ameandika: nilibeba jibu miezi minne kwa kuogopa alama. Saa nane aliitwa. Mkuu wa kitengo hakumkaripia, alimsifu kwa ukweli wake, akamwambia mkataba unaoisha mwezi ule hautaongezwa. Mama Dodoso aliuliza kama wataifuta sauti yake kwenye mfumo. Akaambiwa ombi limepokelewa.

Wiki tatu baadaye mjane aliingizwa kwenye orodha ya msaada. Fundi viatu ndiye aliyempigia Mama Dodoso simu kumjulisha, huku akishangilia. Mama Dodoso anasema siku hiyo alilala usingizi ambao hajaulala miaka miwili. Sasa anamsaidia mume wake kupokea oda za matengenezo, na mume analalamika kwamba wateja wanahojiwa kuhusu majokofu yao mpaka wanachoka.

Jumanne iliyopita mwandishi alikuwa sebuleni kwao. Saa kumi na dakika tatu Mama Dodoso alikaa, akaweka simu magotini, akapiga kama alivyoahidi. Namba ilikuwa inatumika. Akangoja. Akapiga tena, inatumika. Alisema labda ni watoto wa mjane. Saa kumi na robo ikaita na kupokelewa.

Hakukohoa. Alijilazimisha kwenda polepole, akaweka simu wazi ili mwandishi naye asikie.

"Shikamoo, mama. Mimi hapa."

"Marahaba," mjane alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeshughulishwa kidogo. "Umesahau kitu, mwanangu? Si tumeagana sasa hivi? Nimeshakwambia, wiki hii amefanya siku tatu tu, mgongo unamsumbua."

Mama Dodoso alifumba macho. Hakumsahihisha. Alisema ndiyo, alikuwa amesahau kumuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje. Mjane akacheka, akasema yeye hajambo, msaada umefika, amenunua miwani. Wakaongea kwa dakika nane, na muda wote Mama Dodoso alisubiri kila kimya kiishe chenyewe.

Alipokata alikaa akiitazama simu. Mume wake, aliyekuwa mlangoni na bisibisi mkononi, alimuuliza sasa itakuwaje. Kesho, alisema, atarudi kituoni na ombi lake, na keshokutwa pia, hadi sauti yake irudishwe. Lakini hilo ni la siku nyingine za wiki.

"Kuanzia Jumanne ijayo sipigi," alisema. "Nitakuwa naenda mwenyewe. Saa tisa na nusu, niwe nimeshakaa naye kabla simu haijaita."